Karatasi Aliyotaka Isahihishwe: Maisha ya Dada Yetu

Wafiwa wenzangu, ndugu, majirani na viongozi mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, wa nne kwa mama yetu, na nimepewa kazi hii kwa sababu ndimi ninayetunza daftari la ukoo, ambalo baba alilianza na ambalo halina tarehe hata moja ya kukisia.

Dada yetu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama alizoea kusema kwamba wengine wote tulizaliwa tukilia, ila huyu alizaliwa akitazama watu. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari kuanzia 1975 hadi 1980, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu Novemba 1982, na Januari 1983 akaanza kufundisha darasa la tatu, darasa la watoto sabini na wawili na madirisha mawili.

Tarehe 20 Desemba 1986, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na shemeji yetu, mpima ardhi, mtu wa maneno machache na vicheko vingi, wakajaliwa binti mwaka 1988, ambaye leo ni muuguzi, na mwana mwaka 1993, fundi umeme, na shemeji alitutangulia tarehe 5 Mei 2013. Binti akiwa na miezi minne, dada alimwacha kwa bibi yake akaenda chuo kikuu kusomea saikolojia ya elimu, na watu walisema mengi, mama akawajibu kwamba mjukuu ni wake na maziwa ya kopo yapo, wanaoumwa na jambo hilo wakanywe maji.

Kuanzia Februari 1992 aliajiriwa na idara ya elimu kuwa mwanasaikolojia wa shule arobaini na moja, na kazi yake ilikuwa kuitwa pale mwalimu anaposhindwa, kwa mtoto asiyesoma, anayepigana, anayelala darasani, aliyefiwa, aliyeharibiwa na mtu mzima wa nyumbani kwake, akae naye, amsikilize, ampime, kisha aishauri shule na wazazi la kufanya. Alikuwa na kigoda kifupi alichotembea nacho kila shule, kwa maana hakupenda mtoto amtazame kwa kuinua shingo, ndiyo maana wengi wenu mlimwita Mama Kigoda, na walimu walitaniana kwamba Mama Kigoda akionekana getini, mwenye fimbo na aifiche.

Sasa nafika mahali ambapo kikao cha familia cha juzi kiligawanyika. Kaka yetu mkubwa alisema, nami namheshimu, kwamba funika kombe mwanaharamu apite, marehemu hasemwi kwa ubaya mbele ya jeneza lake. Nilimjibu kwamba hapa si mimi ninayesema, ni yeye, maana aliniagiza mara tatu na mara ya tatu alinishika mkono.

Alhamisi tarehe 11 Juni 1998 idara ilimtaka amalize orodha ya watoto thelathini na wanne kwa siku moja katika shule moja, akapewa stoo iliyopakana na karakana ya useremala, na kigoda alikiacha kwa kuwa gari lilijaa. Mtoto wa ishirini na saba alikuwa binti wa miaka tisa, aliyeulizwa maswali ishirini kwa mdomo akajibu manne, na dada, ambaye siku zote hakuandika neno kabla ya kumwona mtoto mara tatu, siku hiyo aliandika baada ya dakika kumi na mbili kwamba uwezo wake wa akili ni mdogo, hawezi kuendelea na darasa la kawaida. Shule ilimwondoa, darasa maalumu halikuwa na nafasi, mtoto akabaki nyumbani, masikio yakitoka usaha, na nyumbani wakaacha kumhangaikia kwa kuwa karatasi ilikuwa imekwisha sema tatizo ni akili. Jumatano tarehe 2 Februari 2000 alifariki wodini, na daktari akasema ugonjwa wa masikio ulikuwa umefika kwenye ubongo.

Jumatatu tarehe 20 Machi mwaka huo mama yake, dobi wa hospitali hiyohiyo, alifika ofisini kwa dada, hakutukana, hakulia, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, mwanangu alikuwa haelewi, au alikuwa hasikii?"

Dada alikwenda kusoma karatasi zake upya, na tangu hapo hakumpima mtoto yeyote kabla ya kumwangalia masikio na macho na kumuuliza amekula nini, wala hakukubali tena zaidi ya watoto wanne kwa siku, jambo lililomnyima cheo mara mbili. Wapo hapa walioponea katika ukaidi huo, akiwemo mama mmoja ambaye siku hizo alikuwa kidato cha pili akiitwa mvivu kwa kulala darasani, hadi dada alipomsindikiza kwao akakuta msichana yule anamuuguza mama yake kitandani peke yake, akamtafuta mama mdogo wa msichana aje kusaidia, akaibana shule impokee hata akichelewa hadi saa tatu.

Lakini faili la yule binti halikusahihishwa. Dada aliiandikia idara barua mwaka 2001, 2004, 2009 na 2016, akiomba iandikwe kwamba kosa ni la mpimaji, na jibu alilopewa kwa mdomo ni kwamba "Ukikiri wewe, dada, tumekiri sote." Alistaafu Machi 2021 faili likiwa vilevile.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kadiri ilivyowezekana, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, na Jumapili tarehe 6 Agosti 2023 saa nane mchana alifariki nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na miwili, bila kusema kwamba amejisamehe, nami sitamsemea.

Tarehe 19 Julai mwaka huu aliandika haya kwa mkono wake, nayasoma yalivyo. "Mtoto wa ishirini na saba niliyempima tarehe 11 Juni 1998 hakuwa na upungufu wa akili. Mashine za karakana zilikuwa zikinguruma, naye masikio yake yalikuwa mabovu, sikuyaangalia. Aliulizwa maswali ishirini, akasikia manne, akayajibu yote manne."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliompikia uji na kumgeuza kitandani kwa zamu, walimu na wafanyakazi wenzake waliokuja kumwona hata alipokuwa haongei, na kipekee mama wa binti yule, aliyemfulia mashuka kwa miezi mitatu ya mwisho bila kuombwa na mtu, ambaye yupo kati yetu.

Karatasi hii ina nakala mbili, zote zimetiwa saini. Ya kwanza, mama, ni yako, binti yangu anakuletea hapo ulipo, usisimame. Ya pili ni ya faili, na kwa kuwa afisa elimu ameketi safu ya mbele, namwomba ainuke aipokee mbele ya watu hawa wote, nami nitabaki nimesimama hapa mpaka aipokee, ndipo tumwinue dada yetu tukamlaze.

Dada, uliyoniagiza nimeyasema. Kapumzike sasa.