Picha ya Aroni

Miaka ile ya Mwingereza, basi lilipotoka Bukoba, Aroni alimwonyesha mama aliyeketi naye picha yake ya mieleka. Mtu mwenye misuli kama ile hawezi kunyamaza mpaka Muleba.

"Maskini, nani kamnyang'anya nguo?" mama akauliza.

"Ni mimi huyo, mama. Nilimwangusha bingwa wa Kampala."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Ukamwangusha bure! Na mafuta haya?"

"Ya kung'arisha misuli."

"Mwili mzima! Na migomba ya kibanjani kwako anapalilia nani?"

Aroni akakohoa. Alisema anapalilia mama yake, lakini leo anakwenda kuposa, na picha hii ataiweka mbele ya wazee wajue binti yao anapata mwanamume.

"Unaposa kwa nani?"

"Kwa mzee Rweyemamu. Binti yake, Benigna."

Mama akaitumbukiza picha kifuani mwa gauni. "Rweyemamu ni kaka yangu. Mimi ndiye shangazi mtu, na bila neno langu Benigna hatoki."

Basi likasimama Muleba. Aroni, ambaye hakuna aliyewahi kumlaza chali, akaiomba picha yake kwa sauti ya mtoto wa shule.

"Itakaa hapa hapa," shangazi akasema akishuka. "Bibi yake Benigna akiiona, atakuletea blanketi kabla hujapewa kiti."