Faustine Kaijage, Aliyebisha Hodi Nyuma Yetu (1984–2025)

Ndugu waombolezaji, kaka yetu Faustine Kaijage alizaliwa Muleba, Kagera, tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kaijage na Mama Justine.

Alisoma shule ya msingi huko huko Muleba. Siku moja aliitowesha chaki ya mwalimu mkononi, kimazingaombwe, mbele ya darasa zima. Alichapwa viboko, kisha mwalimu akamvuta pembeni kumwuliza alifanyaje. Hakusema. Baadaye alijifunza useremala Mwanza.

Mwaka 2009 alikuja Dubai kufanya kazi kwenye karakana ya mbao, Satwa. Arbab wake, yaani tajiri wa karakana, alimwachia mabaki ya mbao, naye akaunda kabati jeusi. Akawa wa kwanza kati yetu Waafrika Mashariki wa hapa kupanda jukwaani na mazingaombwe. Aliingia kabatini, mlango ukafungwa, ukifunguliwa, hayumo. Hakutaka moshi wala ngoma. Alibuni lake: kimya kidogo, kisha mlango wa ukumbi ulio nyuma ya watazamaji unabishwa, "Hodi!" Hata Wahindi na Wafilipino walijifunza kuitikia, "Karibu!" Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, yeye alicheza ugenini na akatunzwa vilevile.

Tarehe 27 Desemba 2014 alifunga ndoa na Edna, Bukoba, wakajaliwa binti, Fortunate. Tangu alipomleta hapa Dubai, Edna ndiye aliyefunga na kufungua lile kabati, na hata yeye hakuambiwa siri yake.

Tangu mwaka jana kifua kilimbana. Akiulizwa alijibu, "Khalas, yameisha, nimepona." Alikuwa mkaidi, tuseme ukweli. Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, kwenye harusi Al Twar, aliingia kabatini. Edna akafungua: tupu. Tukasubiri hodi. Tukacheka, tukapiga makofi, tukaitikia "Karibu!" kabla ya kubishiwa. Edna peke yake hakucheka. Alishuka jukwaani akaenda kuufungua mlango wa ukumbi, ule wa nyuma yetu. Marehemu alikuwa ameketi sakafuni kwa nje, mkono ungali umekunja ngumi ya kubisha. Moyo ulikuwa umesimama. Mlinzi, Jamiru, alituambia huku analia, "Nilimwona pale, nikadhani anangojea mumwite."

Tangu siku hiyo Edna hafungi mlango wa nyumba yao, hapa mtaa wa International City. Wanaokuja kutupa pole tumewaomba waingie bila hodi, maana kila hodi humwinua kitini. Juzi nilitaka kuweka komeo, akanishika mkono: "Shemeji, acha. Tulishamkaribisha, na yeye hajabisha bado." Kabati tumelikagua pande zote, hatukuona njia ya kutokea. Nalala sebuleni kwake na watoto wangu, na sioni haya kusema kwamba mimi pia nausikiliza ule mlango, na naogopa.

Ameacha mke, Edna, binti, Fortunate, mama yetu Justine, anayetusikiliza kwa simu kutoka Muleba, na sisi ndugu zake watatu.

Asubuhi hii Edna ameniomba nimsomee mumewe maneno haya kabla hatujatia udongo: "Baba Fortunate, leo nikirudi nitafunga mlango. Kwangu usibishe tena. Bisha huko uendako, wapo wa kukuitikia."

Mungu amfungulie. Apumzike.