Magunia Sita ya Maranda

Kijiwe chetu kiko Sokon I, mbele ya karakana ya Kisioki, fundi seremala. Kina benchi moja refu lenye mguu mmoja mfupi, na chini ya mguu huo kuna kipande cha tofali ambacho kila mtu hukichokonoa kwa kiatu akiishiwa hoja. Baba yangu, Mzee Twahir, anauza kahawa pembeni, na mimi namwoshea vikombe huku nikisubiri majibu ya maombi ya kazi. Ndiyo maana wananiita Digrii, baba tu ndiye huniita Najat. Luqman tunamwita Injinia, kwa kuwa amejenga nyumba za nusu ya kata na yake haijafika kwenye lenta. Sadoki ni Kileleni. Alibeba mizigo ya watalii mlimani miaka ishirini na miwili, na baridi yoyote ya huku chini anaidharau. Alhamisi hiyo ya mwezi wa saba, saa kumi jioni, ukungu ulikuwa umeufunika Meru mpaka kwenye migomba. Kisioki akatoka karakanani na maranda kwenye nywele, akakaa bila kuomba kahawa. Tukajua ni habari ya mama yake, Yeyo kama wanavyomwita kwao.

Kisioki: Jumamosi wanakuja kumchukua Yeyo.

Baba: Nani wanakuja?

Kisioki: Dada yangu Resiato, na kaka zangu wawili. Wameshakubaliana. Kama mpaka Jumamosi nyumba bado ina baridi, anahamia kwangu Kwa Mrombo.

Kileleni: Mwenyewe anasemaje?

Kisioki: Anasema tukitaka kumhamisha tuanze na kaburi la baba.

Mama yake Kisioki anaishi Sambasha, juu kabisa, karibu na msitu, kwenye nyumba ya mbao aliyoijenga marehemu mumewe mwaka sabini na nane. Kuta ni ubao mmoja tu, juu ni bati, dari hakuna. Ana miaka sabini na tisa na bado anakama ng'ombe mwenyewe. Lakini tangu wiki ya pili ya Julai, ukimpigia simu anakwambia neno lilelile: nyumba imekuwa na baridi.

Injinia: Mimi nasema kila siku. Ng'oa mbao, panga tofali za kuchoma, piga plasta ndani na nje.

Kisioki: Kwa siku mbili?

Injinia: Nimetoa ushauri tu, ratiba ni yako.

Kileleni: Wewe yako ina miaka tisa inasubiri ratiba.

Kisioki: Mianya nimeziba yote. Nimepigilia vipande vyembamba vya mbao kila panapopita mwanga. Nimebandika magazeti, juu ya magazeti nikaweka nailoni. Jumapili nimewasha kibiriti ndani, moto haukutikisika. Jumatatu ananipigia, nyumba ina baridi.

Kileleni: Fundi seremala, mama yako amelala kwenye nyumba ya magazeti.

Kisioki: Na mimi silali, Kileleni.

Baba akammiminia kahawa bila kuulizwa. Baba yangu amezaliwa Tanga. Amekaa Arusha miaka arobaini, na kila Julai huvaa soksi pea mbili akilalamika kana kwamba amefika jana.

Baba: Baridi inaingilia miguuni. Mwekee jiko la mkaa chini ya kitanda, hata dogo.

Mimi: Baba, hapana. Ameshaziba mianya yote. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichozibwa linaua, na halikuamshi kwanza.

Baba: Basi aache mwanya mmoja.

Mimi: Hata huo mmoja hautoshi. Kisioki, tafadhali, jiko lisiingie kabisa.

Kisioki: Haliingii, Digrii. Umeshaniambia mara nne.

Nilikuwa nimemwambia mara tano.

Injinia: Basi sikilizeni ya kitaalamu. Hapo nyuma una magunia mangapi ya maranda?

Kisioki: Sita.

Injinia: Chumba cha Yeyo, piga ukuta wa pili wa mbao kwa ndani, uache nafasi ya inchi mbili. Katikati mwaga maranda, shindilia. Baridi ikitoka nje inakuta godoro limesimama. Digrii, sita yatatosha?

Nikamuuliza Kisioki vipimo. Mita tatu kwa tatu, kimo mita mbili na kidogo. Nikapiga hesabu mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiamini.

Mimi: Yatafika kifuani mwa mtu aliyesimama. Na lazima yawe makavu kabisa, na chini kuwe na kizuizi cha panya.

Baba: Kifuani panatosha. Kwani analala amesimama?

Injinia: Na bati je? Joto linapaa. Chini ya kenchi tunapanga trei za mayai, safu kwa safu. Nawajua wafuga kuku wa Elerai, wanazo mpaka wanazichoma.

Kileleni: Mnahangaika na kuta. Mimi nimelala kwenye hema, kitambaa chembamba kama kanga, nje maji yameganda kwenye chupa. Siri ni kufunga kila kitu. Chukua turubai la lori, vika nyumba nzima, funga kamba chini.

Kisioki: Na mlango?

Kileleni: Zipu.

Injinia: Nyumba yenye zipu.

Kileleni: Cheka. Au rudisheni ndama ndani. Wazee wa huko walilala na mifugo, na hakuna aliyehama.

Kisioki: Ndama nilimtoa mimi, nikamjengea banda. Yeyo mwenyewe alisema ananuka.

Injinia: Kuna njia ya mwisho, ila serikali lazima ijue. Meru ni mlima wa moto. Moto upo, umelala tu. Unachimba, unashusha bomba, unalipandisha mpaka chini ya kitanda cha Yeyo.

Baba: Na ukiamka?

Injinia: Nani, Yeyo?

Baba: Mlima.

Kisioki alicheka kidogo, mara ya kwanza jioni ile, kisha akauficha uso kwenye viganja. Kileleni akamtazama, akainuka, akavuka barabara kwenda kwake. Alirudi na kifurushi cha buluu kilichofungwa kwa kamba, akakiweka mapajani mwa Kisioki.

Kileleni: Hilo ni slipingi begi, mfuko wa kulalia. Mgeni mmoja aliniachia safari yangu ya mwisho. Ndani ni manyoya ya bata. Sijawahi kumwazima mtu, hata mke wangu, na ananisema mpaka leo. Mpelekee mama.

Kisioki: Kileleni.

Kileleni: Usiliweke karibu na mshumaa. Basi.

Muda wote huo alikuwepo mama mmoja amesimama karibu na mlango wa karakana, amejifunga shuka la kimasai juu ya sweta, kikapu mkononi. Alikuja kuagiza kitanda. Nilimwamkia, baba akampa nafasi kwenye benchi na kikombe. Alisema anaitwa Elinipa, anatoka Akheri, upande wa pili wa mlima. Alisikiliza habari za turubai na bomba kwa utulivu wa mtu anayesubiri zamu yake. Slipingi begi lilipofunguliwa alilishika, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

Elinipa: Zuri. Linaingia watu wangapi?

Kileleni: Mmoja, mama. Wawili hawawezi kugeuka.

Elinipa: Kwani mama analala na nani?

Injinia alichokonoa tofali la chini ya benchi. Baba aliinua birika, akaliweka palepale lilipokuwa.

Elinipa: Nauliza tu. Kwetu bibi halali peke yake. Anapewa mjukuu wa kulala naye. Na mimi nilikuja kuagiza kitanda cha futi nne, kwa sababu wangu ameanza kurefuka.

Kisioki: Alikuwa analala na Diana.

Diana ni binti yake. Bibi yake, Koko kwa lugha yao, ndiye aliyemlea kule Sambasha tangu akiwa na miaka minne. Januari mwaka huu aliingia kidato cha kwanza, shule ya bweni.

Injinia: Lakini Januari mpaka leo ni miezi mingapi? Mbona baridi ameanza kuisema juzi?

Kisioki: Januari kulikuwa na joto. Masika alikaa kwa Resiato, alikuwa anatibiwa macho. Juni akarudi juu.

Hapo nikauvuta mkoba wangu, kwa sababu jibu lilikuwa ndani yake. Juni shule zilipofungwa, Diana alirudi kwa bibi yake na kazi ya likizo ya jiografia, na mimi nilimwazima kipimajoto. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alisoma joto la ndani, akaandika. Shule zilipofunguliwa, Kisioki aliendelea kukisoma palepale kila alipokwenda kulala kule, yeye akilala chumba cha mbele. Karatasi zote mbili alinipa mimi nizilinganishe, na mimi nilikuwa nimelinganisha mianya, upepo na ukungu. Nikazitoa.

Mimi: Juni, siku ishirini na sita, wastani ni nyuzi kumi na moja. Julai, wastani kumi na moja na nusu.

Baba: Kwa lugha yetu, Najat.

Mimi: Juni kulikuwa na baridi zaidi kidogo, baba. Na Juni hakulalamika hata siku moja.

Kisioki alizichukua karatasi, akazitazama kana kwamba ni za mahakamani. Ya Juni ilikuwa na mwandiko wa Diana, na pembeni ya tarehe kumi na saba alikuwa ameandika kwa penseli: *Koko amenipokonya blanketi.*

Akatoa simu, akampigia mama yake, akamwamkia kwa lugha yao. Aliweka sauti ya juu, nafikiri hakutaka kuwa peke yake.

Kisioki: Yeyo, takwenya.

Yeyo: Iko. Umekula?

Kisioki: Nimekula. Yeyo, nikuulize. Hiyo baridi unaisikia upande gani?

Yeyo: Mgongoni.

Kisioki: Ukutani?

Yeyo: Ukuta nautazama, ukuta hauna neno, umeshaupiga misumari mpaka basi. Ni huku mgongoni. Hujambo lakini? Sauti yako ina mafua.

Kisioki: Sijambo, Yeyo.

Alipokata simu, Elinipa alikuwa ameinama anaangalia kikombe chake. Baba aliliinamisha birika juu ya kikombe cha Kisioki. Likatoka tone moja, kisha mashapo.

Baba: Kahawa imekwisha.

Injinia: Na swali la huyu mama bado lipo. Sasa atalala na nani? Mtoto yuko shule mpaka Desemba.

Kisioki akapiga simu nyingine, safari hii bila sauti ya juu, akaenda kusimama karibu na msumeno. Tulisikia upande wake tu. *Resi, ulipokuwa mdogo ulikuwa unalala na nani?* Akasikiliza. *Eeh. Na Koko wetu.* Akasikiliza tena. *Sijakuambia uache kazi. Nimekuambia ukalale naye leo.*

Akarudi, akamwomba Elinipa radhi kwamba kitanda chake kitachelewa mpaka wiki ijayo. Elinipa akasema chake kinaweza kusubiri, kwa sasa mjukuu anakunja miguu. Akaacha vipimo, futi nne kwa sita, akaondoka na kikapu chake.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika kijiweni mapema kuliko kawaida, nimevaa sweta kinyume. Kileleni na Injinia walishafika. Kisioki alikuwa mlangoni anakaza midomo ya magunia kwa kamba, moja baada ya jingine.

Mimi: Kipimajoto kimesomaje?

Kisioki: Resiato amesoma saa kumi na mbili kamili, kama ulivyotaka. Kumi na moja.

Mimi: Na Yeyo?

Kisioki: Amelala mpaka ng'ombe wakamwita. Usiku kajifunua blanketi, anasema joto. Resiato ameshawapigia kaka zetu, hakuna anayehamishwa. Atakuwa anapanda juu siku ambazo hana zamu, na mke wangu siku zilizobaki, mpaka Desemba.

Kileleni alisogea karibu, mikono mfukoni.

Kileleni: Basi begi langu nitalifuata.

Injinia: Na maranda yangu ndiyo hayaendi tena.

Kisioki: Yanaenda yote sita, kesho asubuhi, na nyote mnapanda na nyundo. Na begi linabaki.

Injinia: Si umesema mama ameona joto?

Kisioki: Mama, ndiyo. Resiato ndiye aliyekesha anatetemeka.