Mfupani au Mshipani

Kwenye benchi la mbao mbele ya kibanda cha Fundi Saa hakuna aliyesomea udaktari, lakini hakuna aliyewahi kukosa dawa ya kukuandikia. Mwisho wa kulia hukaa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye akisimulia mteremko mguu wake bado unakanyaga hewa. Katikati hukaa Profesa, aliyekuwa tarishi wa chuo miaka thelathini akatoka na jina. Bi Kahawa ana kigoda chake na birika lake, benchi halimhusu. Sheria ya hapo ni moja: jambo likiletwa haliachwi hewani. Watu wakishabishana, kila mmoja anafudikiza kikombe chake upande wa hoja anayoiunga mkono, vikombe vinahesabiwa, hukumu imetoka. Ndivyo walivyokwisha kuamua mambo chungu nzima yasiyowahusu.

Jioni ile jambo lililetwa na Fundi mwenyewe, na hilo peke yake lilikuwa la ajabu, maana Fundi kazi yake ni kusikiliza huku kainamia saa za watu. Alikuwa amelala nalo siku tatu katika chumba kilicho nyuma ya kibanda, chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na sufuria ndogo aliyoinunua baada ya kuchoka kumwaga chakula kilichobaki. Akasema kuna mteja wake mmoja ana saratani ya damu. Dawa zimeituliza, lakini madaktari wanasema itarudi asipopandikizwa mbegu mpya za damu kutoka kwa mtu mzima wa afya. Njia ziko mbili. Ama mtoaji anapewa usingizi, wanamchoma nyonga na kuvuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Ama anadungwa sindano siku nne tano ili mbegu zimwagike kwenye damu, kisha anakaa saa kadhaa kwenye mashine, inazichuja na kumrudishia damu yake. Mteja anauliza, ipi bora?

— Uboho, alisema Profesa hata kabla ya kumeza. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kitu cha maana hukaa ndani ya mfupa. Ukikikuta kinazurura mshipani, ujue kimefukuzwa kwao.

— Wewe hujawahi kubadilisha oili, alisema Breki. Oili huitoi kwa kupasua injini. Unafungua nati, inashuka yenyewe. Na wazee walishasema, damu nzito kuliko maji.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu damu. Uboho umeusikia ukitajwa humo?

Fundi akainamisha kichwa. Kati ya wote waliokuwa pale, yeye peke yake aliihisi methali ile ilivyomlenga, na ilimuuma.

Akajaribu kuwaambia alichoambiwa na daktari, yaani alichoambiwa mteja: mbegu ni zile zile, kinachotofautiana ni mlango. Za mshipani huota upesi. Za mfupani huchelewa kidogo, ila mara nyingi hazigombani sana na mwili wa mwenyeji siku za mbele. Nani alimsikia? Profesa alikwisha kufika kwenye ndoto, kwamba mtu akipewa uboho wa mwenzake ataanza kuota ndoto za mwenzake. Bi Kahawa akaunga mkono, akaongeza kwamba ukipewa na mchoyo, usishangae ukianza kuficha sukari wageni wakija. Breki akaona anaachwa nyuma.

— Lori langu la pili lilifungwa injini ya lori la mkaa, alisema. Kila tukifika njia panda, linavuta kushoto. Kushoto ndiko kwenye msitu. Injini inakumbuka kwao.

Wakacheka, Fundi naye akacheka, na kwa kweli alitaka waendelee hadi asubuhi. Maadamu walikuwa wakibishana, ugonjwa ulibaki kuwa wa mteja.

Lakini sheria ni sheria. Profesa akafudikiza kikombe upande wa mfupa. Breki akafudikiza upande wa mshipa. Bi Kahawa hapigi kura, vikombe ni vyake. Kikabaki cha Fundi, na Fundi alikuwa amekikumbatia kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto.

Mwisho wa kushoto wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja aliyeleta saa ya ukutani, akaambiwa asubiri dakika kumi ambazo sasa zilikuwa arobaini. Hakuwa amenuna. Akawaomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wenyewe.

— Mmesema watatoa mfupani au mshipani, alisema. Mfupani mwa nani?

Profesa akamtazama Breki. Breki akatazama birika. Jioni nzima walikuwa wamemchoma huyo mtu nyonga, wamemfunga kwenye mashine, wamemwotesha ndoto, na hakuna aliyeuliza ni nani. Wote wakamgeukia Fundi.

— Ana kaka yake, alisema Fundi. Baba mmoja, mama mmoja. Daktari anasema bahati ya mbegu zao kulingana ni moja kwa nne.

— Ameambiwa? aliuliza yule mama.

— Bado.

— Sasa anasubiri nini?

Breki alianza, "Subira..." akaishia hapo hapo. Fundi alijua wa kujibu ni yeye, na jibu lilikuwa limemkaa kooni mwaka wa kumi na moja. Kaka yake alipofiwa na mke, yeye Fundi alibaki kumalizia saa ya mteja, akafika watu wamekwisha kuzika. Kaka yake alimwambia neno moja tu, "Umechelewa," akaingia ndani. Hawakutukanana. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Bi Kahawa akainamisha birika, likatoa masimbi matupu ya kahawa. Akakusanya vikombe, akafika kwa Fundi, akakuta kikombe bado kimesimama wima.

— Kesho basi, alisema, na wakaondoka, hata yule mama na saa yake. Ilikuwa mara ya kwanza jambo kuachwa hewani.

Fundi akafungua mkebe wa skrubu. Ndani ya kifuniko alikuwa ameandika zamani namba ya kaka yake, aliyopewa na binamu yao. Akapiga kabla hajapata muda wa kujishauri. Ikapokelewa na mwanamke, mpole, aliyesema mwenye simu yuko bafuni, anaoga.

— Nimwambie nani kapiga?

— Mdogo wake.



— Utakuwa umekosea namba, ndugu yangu. Mume wangu hana mdogo. Mwaka wa nane huu tumeoana, ningejua.

Fundi akaketi kwenye benchi tupu. Kumbe ana shemeji, na kumbe kwa shemeji yake yeye hakuwahi kuzaliwa.

— Anaye, shemeji, alisema. Mwambie anaye.