Kitenge cha Kwendea kwa Avoka

Binti zangu, kabla ya kwenda kuomba avoka wa bure, wakili wa kuwatetea maskini, jitazameni kwanza mlivyovaa.

Mwaka wa kumi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Léoncie alipanda basi la kwenda mtaa wa Mutanga Sud amejifunga kitenge chake cha harusi. Tangu mumewe afariki, shemeji alikuwa amewafungia nje ya nyumba yao ya mtaa wa Carama, na watoto walilala kanisani. Siku hiyo alikwenda kutafuta wa kumtetea.

Mbele yake Sephora, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akimlalamikia Astère, karani aliyeketi naye. "Mi nilienda kwa avoka wa maskini na kitenge kipya. Wakasema, 'We mama, apana maskini!' Wakanirudisha."

"Mama, ku biro mutu anaenda safi," Astère akajibu, kama mtu wa ofisini.

"Waje wao Carama, baba! Waone sufuria zetu, waache vitenge."

"Wakija, utawapikia nini?"

"Ndagala! Watakula mpaka waniite maskini."

Basi zima likacheka, isipokuwa Léoncie, aliyekuwa anavua polepole herini za kuazima. Sephora akamwona, akaelewa kwamba naye anakwenda kwa avoka. Basi liliposimama Mutanga Sud, akafungua kitenge chake cha juu, kinachonuka samaki. "Mama, tubadilishane!"

"Atawanukia!" Astère akapinga.

"Ndiyo watamuhudumia mbio!"

"Unashuka ao hushuki?" dereva akauliza. Léoncie alikuwa bado mlangoni, ameshika vitenge viwili, mkono mmoja kile cha harusi kiunoni, mwingine kile cha samaki, hajaamua ashuke na kipi.