Profesa Machibya na Kipande cha Mwalimu Zuhra

Wasikilizaji wapendwa, kama uliwahi kukaa jirani na Profesa Machibya Ngolo, basi uliwahi kuulizwa hesabu. Mimi aliniuliza harusini, nyama ikiwa mdomoni. Leo tunamkumbuka. Profesa Machibya, mwanahisabati, mtoto wa Sibwesa, ametutoka mwezi uliopita hapa Mpanda.

Alizaliwa Sibwesa, kwa wazazi wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Pale kwao walilima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Kila mtu na kipande chake. Ukimaliza mapema, unarudi kumsaidia aliye nyuma. Hakuna kuondoka shambani ukamwacha mwenzako.

Na hesabu alizifanya hivyo hivyo. Aliandika makala nyingi mno, na karibu zote aliandika na wenzake. Walikuja kutoka Dodoma, Bujumbura, hata Ulaya, wakalala kwake. Mjane wake Vénérande, tunayemwita Mama Agape, anasimulia huku akicheka: "Nyie, mimi nilikuwa sijui napikia watu wangapi. Naongeza maji tu kwenye maharage."

Sasa sikilizeni. Swali lake la mwisho lilihusu namna ya kuunganisha sehemu nyingi kwa njia zisizokatana. Akagawa kazi. Kipande kimoja akampa Zuhra, mwanafunzi wake wa zamani, sasa mwalimu wa sekondari kule Magamba. Wengine wakamaliza. Zuhra akakwama. Wenzake wakaanza kusema kazi itoke bila yeye, jina lake liondolewe. Zuhra mwenyewe alikubali, kwa aibu.

Profesa alikuwa anaumwa tayari. Akapanda bodaboda mpaka Magamba. Akamwambia, "Mwanangu, hatutoki bila wewe." Wakakaa barazani wakihangaika pamoja. Wiki ile ile akazidiwa, akafariki, na swali bado limewagomea.

Iliniuma sana. Lakini wenzake walikuja kumzika, na matanga yalipoanuliwa hawakuondoka. Walihamia kwa Zuhra. Walibishana, wakala ugali, wakafuta ubao wakaanza upya, mpaka kipande kile kikakamilika. Kazi imetumwa wiki hii kuchapishwa. Jina la Zuhra limo. Aliponipigia simu alikuwa analia na kucheka, sikumwelewa nusu ya maneno, nikafurahi tu.

Pole sana Mama Agape. Poleni watoto, poleni ndugu zetu wa Sibwesa. Na wewe unayenisikiliza, uwe Inyonga au Magamba, yupo mtu mliyeanza naye kazi, siku hizi humtaji tena. Mpigie leo. Muulize amekwama wapi.