Wateja wa Bibi Hester

"Ukoo wa Ostrander haujawahi kupoteza karatasi hata moja, wala kutoa siri ya mteja hata mmoja!" Maneno hayo marehemu Hester Ostrander Vrooman aliyasema kwa kipaza sauti tarehe 4 Julai 1976, mbele ya mji mzima wa Cadwell Falls, na bendi ikalazimika kungoja amalize. Wengi wenu mlikuwepo. Baadhi yenu mlipiga makofi ili akae.

Bibi Hester alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa hapa mjini, katika nyumba ya matofali iliyokuwa duka na benki ya babu wa babu yake. Kuanzia mwaka 1831 hadi 1894 wakulima walileta humo siagi na ngano, wakachukua chumvi, misumari na kitambaa, na wakikwama wakakopa. Yote yaliandikwa. Vitabu vya hesabu vyenye majalada ya ngozi, pamoja na barua zilizofungwa kwa utepe mwekundu, vilijaza chumba cha nyuma. Babu yake alimfundisha kusoma humo, kwa hiyo alipoanza shule mwaka 1944 alijua neno "salio" kabla ya neno "paka".

Alimaliza sekondari mwaka 1956, akaenda chuo cha biashara mjini Albany, na akakimaliza, jambo ambalo si kila mtu katika familia hii anaweza kujivunia. Kisha akawa karani wa benki kwa miaka thelathini na mmoja. Mchana alitunza siri za walio hai, jioni za waliokufa. Shemasi mmoja aliwahi kumfuata akitaka kujua kama babu yake mkuu aliacha deni.

"Mwenye akaunti aje mwenyewe," Bibi Hester akamjibu.

"Bi Hester, yule alikufa mwaka 1852!"

"Basi hana haraka."

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Everett Vrooman, dereva wa lori la maziwa, wakajaliwa binti mmoja, Corinne. Asubuhi ya kwanza ya ndoa Everett aliuliza kama ukoo wa Vrooman nao umo vitabuni.

"Umo."

"Tulikuwa tunadaiwa?"

"Everett, kunywa kahawa."

Everett alifariki mwaka 2009 bila kujibiwa.

Bibi Hester alikuwa amekubaliana na maktaba ya mji kwamba vitabu vyote vingehamia huko vikiwa vizima, kila ukurasa mahali pake. Rafu ilishachongwa. Lakini tarehe 3 Februari 2022 aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Akiwa juu ya machela alimkabidhi mdogo wake, Lyle, ufunguo wa chumba cha nyuma. Hakumpa jirani wala mchungaji. Alimpa wa damu yake.

Alirudi kutoka hospitali mwezi Aprili. Chumba kilikuwa kimepigwa rangi, na katikati kulikuwa na baiskeli ya mazoezi.

"Lyle, vitabu viko wapi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimetoka kulala wiki tisa. Viko wapi?"

"Nimempata mtu wa vitu vya kale. Dada, ni makaratasi tu, panya walikuwa wanayala! Hela yenyewe nimekujengea njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu pale mlangoni. Umeiona?"

Aliiona. Hakuikanyaga hata siku moja. Mpaka mwisho alipanda ngazi kwa mkongojo, na Lyle akiwa anamtazama alipanda polepole zaidi.

Kiangazi hicho Corinne alimpeleka kwenye ghala la vitu vya kale lililo kwenye barabara kuu. Vitabu vilikuwa vimekatwa kwa wembe, ukurasa mmoja mmoja, na kurasa zikatiwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani.

"Huu unapendeza sana bafuni, mama," muuzaji akasema.

Pembeni, mwanamke mmoja alikuwa akimsomea mumewe jina la mkulima na deni lake, huku akicheka.

"Usilisome kwa sauti," Bibi Hester akamwambia. "Huyo ni mteja wangu." Akaununua ukurasa ule.

Tangu hapo, kila pensheni ilipoingia, alirudi. Kurasa alizookoa ziko kwenye rafu ya maktaba, zote zimelazwa kifudifudi. Zilizobaki ukutani ni nyingi kuliko hizo.

Alifariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2024, akiwa na miaka themanini na sita. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Corinne alisoma cheti, akasema, "Hata mimi ningeandika hivyo."

Ameacha binti, wajukuu watatu, paka aitwaye Riba, kwa kuwa hunenepa akiwa amelala, na mdogo wake Lyle, aliyeketi safu ya pili. Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo halikupatikana chini ya paa lake mwenyewe.

Marehemu aliagiza asiletewe maua. Anayetaka kumuenzi aende ghalani, achukue ukurasa mmoja, asiusome, aupeleke maktaba. Ghala hufunguliwa saa nne asubuhi. Ukurasa mmoja, bila fremu, ni dola kumi na nane.